Nusu ya Nyundo

Vina aliingia mjini juu ya lori lililobeba magunia ya saruji. Akashuka na mfuko wake mmoja begani, akajipangusa vumbi, akauliza njia ya karakana ya Nyundo kama mtu anayeuliza njia ya kwake. Lakini hakuwa na kwake. Tangu avue magwanda ya jeshi alikuwa amelinda maghala, amepaka rangi madaraja, amewapikia wajenga barabara, na kwa msimu mmoja amefundisha watoto kusoma, mpaka alipopatikana mwalimu mwenye cheti. Kazi ikianza kumzoea, yeye huanza kuichoka. Kitu kimoja tu alikuwa hajakiacha katika kituo chochote, nacho ni shairi lake.

Alilitunga vitani, ndevu bado zinabipu, hazijaota sawasawa. Kila kikosi huwa na mtu wake wa kuchekesha na mtu wake wa kuiba sukari. Kikosi chao kilikuwa na mtu wa vina pia, ndipo jina hilo likamganda mpaka yeye mwenyewe akawa haitiki kwa jingine. Walitembea sana katika vita ile, na ukitembea sana gizani unaanza kulala huku miguu inakwenda. Kwa hiyo Vina alibuni mchezo. Yeye mbele anarusha kipande cha kwanza cha mshororo, silabi nane, hatua nne. Wa nyuma yake anadaka kwa kipande cha pili, silabi nane nyingine, na kina kilale palepale kinapotakiwa kulala. Aliyeshindwa, ukapita mguu wa kushoto na wa kulia bado katumbua macho, alibebeshwa dumu la maji la kikosi mpaka kituo kinachofuata. Dumu lile lilikuwa zito kuliko dhambi, halafu lilivuja, maji yanakuingia kwenye kola yanashuka na mgongo. Watu walijifunza ushairi upesi sana.

Mmoja peke yake hakulibeba hata siku moja. Huyo alikuwa Nyundo, mwana wa mfua chuma, aliyekulia kando ya fuawe la baba yake na masikio yamejaa mapigo. Vina akirusha, Nyundo anadaka. Walitembea hivyo, mmoja mbele mmoja nyuma, mpaka shairi zima likawa limegawanyika baina yao, ubavu wa kushoto wa Vina na wa kulia wa Nyundo. Aliyelitunga ni Vina, hilo halina ubishi. Lakini siku zote za vita nusu yake haikuwahi kutoka kinywani mwake mwenyewe.

Habari za kiharusi cha Nyundo alizipata kwa dereva mmoja, zimekwisha kulala barabarani miezi. Alipofika, mke wa Nyundo alikuwa uani anaanua nguo. Mama yule alimtazama kuanzia viatu hadi kofia, akauliza swali alilomuuliza kila alipotokea kwa miaka yote hiyo.

"Shemeji, umekuja au unapita?"

"Napita, shemeji."

"Basi pita ndani."

Nyundo alikuwa kwenye kiti cha mbao kando ya dirisha linalotazama karakana. Mkono wa kulia, ule uliokuwa ukikunja nondo kama unakunja karatasi, ulikuwa umelala juu ya paja kama kitu cha kuazima. Alipomwona Vina macho yaliwaka, mdomo ukafunguka, ukatoka mlio mmoja tu, "ta, ta, ta," kisha akafumba macho kwa hasira. Mama akaeleza kwamba ni hivyo tangu mvua za kwanza. Muuguzi anayekuja kumnyoosha viungo alikuwa amewaambia wasimfanye mtoto, kwani anasikia na anaelewa, ila maneno yanakwama njiani. Waongee naye, wasichoke.

Wengine walikuwa wameanza kuchoka. Mtoto wake wa kwanza, waliyezoea kumwita Karani kwa sababu tangu shule alipenda meza safi, alifanya kazi ya ofisi katika mji mwingine na alikuwa na nyumba kubwa huko. Hakuwa mtu mbaya. Kila alipokuja alimnyoa baba yake ndevu kwa mkono wake mwenyewe. Lakini alikuwa amekwisha kumwonyesha kijiko na kumuuliza hiki ni nini, akajibiwa "ta, ta," na moyo ukamkatika. Alikuwa ameitisha kikao cha familia siku ya Jumamosi. Nia yake ni karakana ifungwe, vyombo viuzwe, wazee wahamie kwake.

Na karakana ilikuwa haijafungwa. Mdogo wa Karani, Binti, alikuwa ndani yake asubuhi mpaka jioni, amevaa aproni ya ngozi ya baba yake iliyomfikia kwenye vifundo vya miguu, anapuliza moto na kuunga vyuma. Karani alimwambia waziwazi, mbele ya mama, kwamba wateja wanamfuata mzee, hawamfuati yeye, na kwamba karakana ile ni ya baba na baba hawezi tena kusema aachiwe nani. "Angesema neno moja tu," alisema, "mimi ningekaa kimya. Lolote lile. Lakini siwezi kuamua kwa ta-ta-ta."

Hayo yote Binti alimsimulia Vina huku anapoza kipande cha chuma ndani ya pipa la maji, na mvuke unawafunika wote wawili. Hakulia wala hakulalamika. Alisema tu kwamba akitolewa pale hajui mikono yake ataipeleka wapi.

Vina akacheka. "Mwanangu, baba yako ni mtu mmoja ninayemjua kwa sauti kuliko kwa sura. Tulitembea usiku mpaka nikasahau ana pua ya namna gani. Niachie mimi."

Hakuwa anajisifu bure. Aliamini kabisa kwamba dawa anayo mfukoni, tena imechapwa. Shairi lake lilikuwa limewahi kutoka gazetini. Mhariri alikuwa mtu mwema, alimpa chai na kiti, akalisifu shairi, ila akauliza mbona kibwagizo kinarudiwarudiwa vilevile kila ubeti. Msomaji, alisema, amekwisha sikia mara ya kwanza. Vina akakubali, maana ni nani asiyetaka kutoka gazetini? Akabadili kila mshororo wa mwisho, kila ubeti ukapata wa kwake, mpya, na tangu siku hiyo akawa analighani hivyo, kwa fahari, kwenye kambi na mabwalo.

Basi akasimama katikati ya chumba, akajikohoza, akalighani shairi zima mbele ya Nyundo, tangu mwanzo hadi mwisho, kushoto na kulia, na mikono anarusha. Lilikuwa onyesho la kulipiwa. Mama aliacha kukunja nguo. Nyundo alisikiliza ametulia kama mtu anayeng'olewa jino, na kila Vina alipofika mwisho wa ubeti mwenzake alipiga ubao wa kiti kwa kiganja cha kushoto, pa, kisha akageuza uso dirishani.

Kesho yake Vina alirudia, kwa sauti kubwa zaidi.

"Shemeji," mama akamwambia kwa upole, "amepoteza ulimi, hakupoteza masikio."

Siku ya tatu aliendelea hivyohivyo, maana ubishi wa Vina ulikuwa mgumu kama kwato. Safari hii alikaa, kikombe cha chai mkononi, akaanza bila kusimama. "Mvua kubwa yamwagika," akasema, akapiga funda kabla ya kuendelea. Chai ilikuwa ya moto vibaya. Ikamchoma, ikaingia njia isiyo yake, akakohoa mpaka machozi yakamtoka, na mshororo ukabaki unaning'inia hewani, nusu.

Chini ya kiti, mguu wa kushoto wa Nyundo ukapiga sakafu. Ukafuata wa kulia, ukijikokota. Wa kushoto tena.

"Twaukaribia mto," akasema Nyundo.

Sauti ilikuwa na kutu, lakini maneno yalikuwa mazima, kila silabi imekaa mahali pake. Mama alikuwa ameshika shati kwa mabega yote mawili kana kwamba kuna mtu ndani yake. Vina akafuta machozi ya chai kwa mkono wa koti na papo hapo akaelewa upumbavu wake wote. Siku mbili nzima alikuwa anamghania mwenzake nusu yake. Nani hudaka kitu ambacho hakijarushwa? Alikuwa amembebea Nyundo mzigo wa Nyundo, kisha akashangaa mbona mikono ya Nyundo haina kitu.

"Buti matope zashika," akarusha.

Mguu, mguu. "Hatuwashi hata moto."

"Kila mtu anachoka."

"Mabega yote mazito."

Walipofika mwisho wa ubeti Vina alirusha mshororo wake wa gazetini. Nyundo akafunga mdomo, akatikisa kichwa, akapiga ubao, pa. Ndipo Vina alipokumbuka ng'ambo ya mto.

Usiku ule wa vita walivuka, na walipojihesabu upande wa pili Mpishi wao hakuwapo. Kofia yake ilikuja peke yake, ikizungukazunguka kando ya matete. Walipoanza kutembea tena, Vina alitunga ubeti juu ya jambo hilo, kwani hakujua kufanya kingine, lakini alipofika kwenye kibwagizo alishikwa na kigugumizi. Mwenzenu amebaki majini, utasemaje maneno yaleyale ya jana? Alitaka kukibadili. Nyundo, nyuma yake, akakataa. Alisema kiache vilevile, neno kwa neno. Jana tulikuwa tunaimba tu, alisema, leo ndiyo tunasema. Na kweli walipokirudia kilikuwa kizito maradufu, ilhali hakuna kilichoongezwa ndani yake.

Maneno hayo Vina alikuwa ameyauza kwa kikombe cha chai ya mhariri. Akainama sasa, akamtazama Nyundo usoni, akarudi kwenye ya zamani.

"Nishike mkono ndugu."

"Tufike wote nyumbani," akasema Nyundo, na akaachia pumzi kama mtu aliyetua gunia.

Kuanzia hapo nyumba ile ilijaa mapigo ya miguu. Mama akajifunza kurusha akiwa jikoni, akapata jibu kutoka sebuleni, akacheka peke yake kama msichana. Vina alikuwa hajawahi kuambiwa na mwalimu yeyote kwamba vina na mizani ni vya kazi gani. Alisoma vipandevipande, darasa hapa, darasa kule, akavichukulia kuwa ni mapambo, kama vifungo vya shaba kwenye koti la jeshi. Sasa aliviona vikifanya kazi mbele ya macho yake. Kina kinamwonyesha mtu mahali pa kutua. Mizani inamwambia lini aondoke. Na kurudiarudia, kule ambako mhariri alikuona ni kujaza nafasi, ndiko kuliko na ardhi ngumu, maana mguu umekwisha kupakanyaga na unapajua. Mtu anayeogopa kuzama utampitisha wapi kama si hapo?

Ijumaa Binti akaumwagia maji moto huo. Alikuja kunawa mikono, akasikiliza, akasema kwa sauti ya chini, "Ba'mdogo, nafurahi sana. Lakini anasema yale aliyokwisha kuyasema. Nje ya shairi nikimuuliza unataka maji, ni ta-ta. Kaka atasema hii ni kanda ya redio."

Ilikuwa kweli tupu. Vina alijaribu palepale kumrushia kipande kipya, jambo dogo tu juu ya mvua na paa. Mguu wa Nyundo ulipiga mara moja, ukasita. Midomo ilitafuta. Vina akasubiri hatua mbili kama ilivyokuwa sheria, kisha kwa huruma akamalizia mwenyewe, na Nyundo akamkata jicho ambalo lingeweza kuchoma bati.

Vina alilala akilifikiria jicho lile. Si jicho la mtu aliyeshindwa. Ni la mtu aliyepokonywa. Akatambua kwamba amempa hatua mbili za kijana mwenye buti kavu, ilhali mwenzake sasa anatembea kwenye matope ya kiunoni. Sheria ni kusubiri hatua, wala hakuna aliyesema hatua za nani. Akageukia ukutani, akalala fofofo.

Jumamosi Karani alifika na shati lililopigwa pasi, akamnyoa baba yake, akawaketisha wote sebuleni. Binti alikuja na aproni yake, ananuka mkaa, akakaa kwenye kigoda karibu na mlango, kando ya dumu la plastiki wanalochotea maji ya karakana. Karani aliongea vizuri, kwa adabu. Alieleza nyumba yake ilivyo, chumba cha chini kisicho na ngazi, zahanati iliyo jirani. Hakumsema mdogo wake vibaya. Alisema tu kwamba kazi ya chuma inataka jina, na jina ni la baba, na baba ndivyo alivyo.

Vina akaomba nafasi. Wakaghani, yeye na Nyundo, ubeti wa mto.

"Ng'ambo tumeshafikia,"

"mmoja hatumuoni,"

"Jina tukamuitia,"

"kimya tu kule majini,"

"Kofia katuachia,"

"inaelea pembeni,"

"Nishike mkono ndugu,"

"tufike wote nyumbani."

Karani alikuwa hajasikia neno zima la baba yake tangu mvua za kwanza. Alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu, ingawa haikuwa chafu. Mama akamwachia. Kisha akairudisha usoni, na kama Binti alivyotabiri, akasema, "Ba'mdogo, Mungu akubariki. Sijui nikushukuru vipi. Lakini hayo ni ya zamani. Yamehifadhiwa humo kama wimbo kwenye kanda. Sikuuliza kama baba anakumbuka. Niliuliza kama anaweza kutuambia anataka nini."

"Umesema sawa," Vina akajibu. "Basi nitamrushia jipya, tena nitamtegea upande wako."

Akawaeleza. Mshororo wa kwanza ataughani wote yeye, ili vina vijulikane. Wa pili atasema nusu. Nusu hiyo ataijenga kwa namna ambayo jibu la Karani litakuwa limekaa mlangoni linangoja tu kuitwa, hata asiyejua ushairi alisikie. Kama Nyundo ni kanda, au kama ni mtu anayeporomoka na kina popote kinapomteremsha, ataanguka hapohapo, na Karani aite gari. Binti aliinua kichwa, akamtazama kama anayetazama mtu anachezea wembe. Vina alimkonyeza.

"Na hakuna wa kumsaidia," akaongeza. "Asubiriwe mpaka afike."

Akapiga mguu sakafuni, taratibu, kushoto, kulia, taratibu kuliko walivyowahi kutembea hata walipokuwa wamebeba majeruhi. Mguu wa Nyundo ukaingia ndani ya mapigo hayo.

"Wanao wamesimama, mlangoni wanagonga," akaghani Vina. "Karakana ni ya zama..."

Akanyamaza.

Kila mtu chumbani alilisikia lililobaki. Lilikuwa limening'inia pale kama nguo kwenye kamba: ni wakati wa kufunga. Silabi nane, kina mahali pake, safi kabisa. Midomo ya Karani ilijisogeza yenyewe bila yeye kujua. Mama alifumba macho. Hata Vina, mtunzi, aliuhisi mteremko alioujenga, na kwa mara ya kwanza tangu ashuke kwenye lori moyo wake ulikosa hatua moja. Maana huwezi kumtegea mtu kwa haki kisha ukajua kwa hakika kwamba hatateleza.

Kushoto. Kulia.

Nyundo alifungua mdomo. Ikatoka "n", sauti ya mwanzo ya "ni". Binti akashika ukingo wa kigoda.

Nyundo akafunga mdomo tena. Akageuza shingo, polepole, akatazama dirishani, pale alipokuwa akitazama miezi yote hiyo wakati wao wanadhani anaukodolea macho ukuta. Huko nje moto wa karakana ulikuwa bado unafuka, na geti lililoungwa nusu lilikuwa limeegemea mlango. Mguu ukaendelea kupiga, kushoto, kulia, hana haraka na mtu. Kisha akageuka, akamtazama mwanawe wa kiume machoni.

"Binti yangu anaunga," akasema.

Vina hakujizuia. Akazihesabu silabi kwa vidole kabla ya kuruhusu furaha imfikie, akakuta nane kamili, na kina kimelala kwenye "nga" kama mtoto mgongoni. Hakuna aliyempa Nyundo neno lile. Halikuwa kwenye shairi lolote. Lilikuwa limetoka dirishani, likapita katika kichwa kile kilichosemwa kuwa kimekwisha, likaikwepa njia ya mteremko na kushika ya kwake.

Binti alikuwa ameinamisha uso ndani ya aproni. Mabega tu ndiyo yaliyoonekana yakicheza.

Karani alimtazama dada yake, kisha mikono ya dada yake, yenye alama ndogondogo za cheche mpaka kwenye viwiko, kana kwamba ndiyo kwanza analetewa. Alipozungumza hakujaribu kughani. Maneno yalimtoka tu yenyewe.

"Baba, nimekusikia."

Vina akainua kidole kimoja baada ya kingine. Nane. Hata huyu wa meza safi, damu ile imo. Nyundo naye alikuwa amezihesabu, maana mguu ulipiga mara nne, ukatua, na akaitikia kwa kichwa mara moja kama anavyofanya akipokea chuma kilichonyooka. Karani akasema basi, karakana haifungwi, na la kuhama litazungumzwa siku baba atakayolianzisha mwenyewe. Akamwambia mdogo wake kwamba, hata hivyo, aproni ile ikatwe, atajikwaa nayo aanguke kwenye moto. Binti akamjibu kutoka ndani ya aproni kwamba wa kukatwa ni yeye Karani.

Watu wakaanza kusogea, kama inavyokuwa kikao kikivunjika. Vina alikuwa amejiegemeza, miguu kainyoosha, anajiona mkubwa kuliko nyumba, anatunga kichwani namna atakavyoisimulia siku hii katika kambi ijayo. Lori la saruji lilikuwa linarudi Jumatatu. Alikuwa amekwisha kumuulizia dereva.

Mguu wa Nyundo ukapiga sakafu.

"Nishike mkono ndugu," akasema Nyundo.

Hicho kilikuwa kipande cha kwanza. Kilikuwa cha Vina, tangu vita, tangu mvua ya kwanza na tope la kwanza. Kamwe Nyundo hakuwahi kurusha, kazi yake ilikuwa kudaka. Na sasa alikuwa amekaa wima, mkono wa kushoto ameunyoosha mbele, kiganja wazi, anamtazama rafiki yake na anangoja.

Vina alifungua kinywa. Alilijua jibu kuliko alivyolijua jina alilopewa na mama yake. Lakini halikuwahi kuwa lake kulisema kwa mtu anayengoja. Kabla ya gazeti alikuwa amelighani kwenye mabwalo mangapi, mbele ya watu wasiomjua, na lilipita midomoni bila kugusa meno. Sasa alitakiwa kusema tufike wote nyumbani, mbele ya mtu aliyefika, na mfuko wake ukiwa nyuma ya mlango umefungwa tayari. Kushoto, mguu wa Nyundo ukapiga. Kulia. Neno likamkwama kooni kama lile funda la chai.

Nyundo alimpa hatua mbili, hakumwongezea hata moja. Kisha mkono ulionyooshwa ukageuka, kidole kikatoka, kikaonyesha pembeni mwa mlango, kando ya kigoda.

Dumu.

Mama ndiye aliyeanza kucheka. Alikuwa amesimuliwa habari za dumu lile mpaka akazichoka, na sasa alicheka akajishika mbavu. Nyundo alicheka naye, nusu ya uso tu, lakini nusu hiyo ilitosha watu wawili. Vina alijaribu kujitetea, akasema mzee mwenzake kamvizia, akasema sheria za jeshi zilikwisha na vita. Hakuna aliyemsikiliza. Binti alikuwa amekwisha kulijaza dumu pomoni kwenye bomba la uani na kulirudisha mlangoni.

Akaliinua begani. Halikuvuja, lakini kizibo chake kilikuwa kimelegea, na kabla hajafika katikati ya uwanja maji yalikuwa yamempata kwenye kola na kuanza kushuka na mgongo, baridi ileile. Akavuka uwanja hivyo, kushoto, kulia, mpaka kwenye pipa la kupozea vyuma, akamimina. Pipa lilikuwa kubwa. Maji yake yalitoa mlio kidogo huko chini, kana kwamba hayajamwagwa.

Alipogeuka, mama alikuwa amesimama mlangoni, ameweka mikono kiunoni.

"Shemeji, umekuja au unapita?"

Nyuma yake, dirishani, Nyundo alikuwa anatazama, na bila shaka mguu wake ulikuwa unapiga.

"Pipa lenu ni refu, shemeji," akasema Vina. "Niulize likijaa." Akaliokota dumu tupu na kurudi bombani, na njiani, kwa sauti ya kutosha kufika dirishani, akakisema kile kipande cha pili, kwa kuchelewa.